Nairobi hadi New York kwa ndege: kupima umbali, kukadiria muda wa angani na kupanga saa za safari

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (NBO) hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York (JFK), ni takriban kilomita 11,840 kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Hizo ni karibu maili 7,355 za nchi kavu, au maili 6,390 za baharini, kipimo ambacho marubani hukitumia. Ndege isiyotua njiani huchukua karibu saa 15 kwenda na karibu saa 14 kurudi.

Kilomita hazibadiliki, ila muda hubadilika kila siku, na wanaokosa ndege au kumsubirisha mwenyeji bure huwa wamekosea kwenye muda. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kupata tarakimu zote mbili kwa kikokotoo cha simu, na jinsi ya kuzigeuza kuwa ratiba unayoweza kuitegemea. Hesabu ni ileile kwa viwanja vyovyote viwili. Ukitaka Dar es Salaam hadi Guangzhou au Entebbe hadi Toronto, badilisha tarakimu tu.

Kupima umbali

Kwanza tafuta latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe. Usitumie za katikati ya jiji, maana uwanja unaweza kuwa makumi ya kilomita nje ya mji. Ziandike kwa desimali:

NBO: latitudo −1.319, longitudo +36.928
JFK: latitudo +40.640, longitudo −73.779

Kusini mwa ikweta ni hasi, kaskazini ni chanya. Mashariki ya Greenwich ni chanya, magharibi ni hasi. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, na alama hiyo ya hasi husahaulika kwa urahisi. Ukiisahau, jibu litapungua kwa kilomita karibu 200.

Kabla ya kuanza, hakikisha kikokotoo kinatumia nyuzi na si radiani. Jaribu cos 60: ikitoka 0.5, endelea. Ikitoka tarakimu hasi ya ajabu, tafuta kitufe cha DEG ukibonyeze. Kosa hili moja ndilo linalozaa majibu yasiyo na kichwa wala miguu.

1. Tafuta tofauti ya longitudo. Kwa kuwa viwanja viko pande mbili tofauti za Greenwich, unajumlisha: 36.928 + 73.779 = 110.707. Vingekuwa upande mmoja ungetoa. Jibu likizidi 180, litoe kwenye 360.

2. Zidisha sin za latitudo zote mbili: sin(−1.319) × sin(40.640) = −0.0230 × 0.6513 = −0.0150.

3. Zidisha cos za latitudo zote mbili pamoja na cos ya tofauti ya longitudo: 0.9997 × 0.7588 × (−0.3536) = −0.2682.

4. Jumlisha majibu ya hatua ya 2 na ya 3: −0.2832.

5. Bonyeza cos⁻¹ ya jibu hilo. Utapata nyuzi 106.45. Hii ndiyo pembe kati ya viwanja viwili ukiitazama kutoka kitovu cha dunia.

6. Zidisha kwa 111.19, yaani kilomita zilizo katika kila nyuzi moja: 106.45 × 111.19 ≈ kilomita 11,836.

Dunia si mviringo kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, kwa hiyo jibu linaweza kupishana na la tovuti za usafiri kwa nusu asilimia. Usihangaike na tofauti hiyo. Ikifika kilomita mia kadhaa, hapo rudia hesabu.

Mstari huo unapita wapi

Ukichukua ramani ya ukutani na rula, utachora mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi New York na kudhani ndiyo njia fupi. Sivyo. Ramani ya kawaida ya Mercator huvuta nchi za kaskazini, na mstari wa rula juu yake ni wa karibu kilomita 12,190, yaani kilomita 350 zaidi ya njia fupi ya kweli. Chukua uzi, uubane Nairobi na New York juu ya tufe la shuleni, uukaze. Njia utakayoona inapinda kuelekea kaskazini, na ndiyo duara kuu.

Kwa safari hii, duara kuu linaanza kwa kuelekea kaskazini-magharibi, nyuzi 312 hivi za dira. Linapita Uganda na Sudan Kusini, linagusa eneo la mpakani ambako Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan zinakutana, linaingia Chad, kisha Niger, kusini mwa Algeria na Moroko si mbali na Marrakech. Kutoka hapo ni Atlantiki, juu ya visiwa vya Azores. Linapanda hadi latitudo ya nyuzi 42 kusini mwa Newfoundland, halafu linateremka kidogo kuingia New York.

Hakuna ndege inayofuata mstari huo hatua kwa hatua. Tangu vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, mashirika ya ndege yanaikwepa anga ya nchi hiyo, na Libya nayo imekuwa ikikwepwa kwa miaka mingi. Juu ya Atlantiki, njia hupangwa upya kila siku kufuata upepo. Kwa makadirio ya nyumbani, ongeza asilimia 4 juu ya umbali wa hesabu: 11,840 × 1.04 ≈ kilomita 12,300 za njia halisi.

Kugeuza kilomita kuwa saa

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kugawanya umbali kwa mwendo wa ndege na kuridhika. 11,840 ÷ 900 inaleta saa 13 na kitu. Hakuna ratiba ya kwenda New York inayosema hivyo.

Ndege kubwa ya leo kama Boeing 787 husafiri kwa Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya mwendo wa sauti, ambayo kule juu ni kama kilomita 900 kwa saa. Lakini huo ni mwendo wake ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Kati ya futi 30,000 na 40,000, katika latitudo za Sahara ya kaskazini na Atlantiki, kuna mikondo ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda New York anakutana nao usoni, upepo wa mbisho kama mabaharia wanavyouita. Anayerudi Nairobi anasukumwa nao. Karibu na ikweta upepo wa juu ni hafifu zaidi, kwa hiyo wastani wa safari nzima huwa mdogo kuliko wa Atlantiki peke yake.

Chukua wastani wa upepo wa kilomita 35 kwa saa, kisha ongeza dakika 35 za kutembea uwanjani, kupanda, kuteremka na kupanga foleni ya kutua:

Kwenda: 12,300 ÷ (900 − 35) = saa 14 dakika 13. Ukiongeza dakika 35, ni saa 14 dakika 48.
Kurudi: 12,300 ÷ (900 + 35) = saa 13 dakika 9. Ukiongeza dakika 35, ni saa 13 dakika 44.

Mashirika huongeza akiba kidogo kwenye ratiba, ndiyo maana unaona 15 na 14. Majira ya baridi ya kaskazini, Desemba hadi Februari, upepo huongezeka nguvu. Wastani wa mbisho ukifika 80, kwenda kunakuwa 12,300 ÷ 820 = saa 15, na zile dakika 35 juu yake. Anayekuja kukupokea Januari aangalie muda halisi wa kutua siku hiyohiyo.

Jambo jingine linatokana na upepo huu, nalo linaeleza kwa nini safari hii ni ngumu kwa shirika la ndege kuliko kilomita zake zinavyoonyesha. Boeing hutaja masafa ya 787-8 kuwa kilomita 13,530. Ukilinganisha na 11,840 utadhani kuna nafasi tele. Lakini mafuta huliwa kwa saa za kuruka, si kwa kilomita za ardhini. Ndege iliyokaa angani saa 14.2 kwa mwendo wa 900 imekata kilomita 12,800 za hewa. Siku ya upepo wa 80, imekata 13,500. Hapo umefika ukingoni mwa uwezo wake.

Tena JKIA, yaani uwanja wa Jomo Kenyatta, iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ni nyepesi: bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili linyanyue, na injini hutoa nguvu pungufu. Njia ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, nayo inasaidia sana, lakini uzito wa kuruka bado hupunguzwa. Kuondoka usiku kunafaa kwa sababu hewa ya baridi ni nzito kuliko ya mchana. JFK iko mita 4 tu juu ya bahari, kwa hiyo ndege inayorudi hunyanyuka na mzigo mkubwa bila taabu. Ukisikia kwamba mzigo umebaki Nairobi kwenye safari ya kwenda New York, sababu mara nyingi ni hesabu hii. Dawa za kila siku, hati na nguo za siku mbili viwe kwenye begi la mkononi.

Mfano ulio wazi zaidi ni Addis Ababa. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na safari nyingi za kutoka pale kwenda Marekani zimekuwa zikitua Lomé au Dublin, ilhali zinazorudi huweza kuja moja kwa moja. Ukilinganisha tiketi, usidhani muda wa kwenda ni sawa na wa kurudi.

Kusoma saa za kwenye tiketi

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mahali husika: ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Kutoa moja kwenye nyingine hakukupi muda wa safari.

Nairobi iko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC) mwaka mzima. New York iko saa 5 nyuma wakati wa baridi, na saa 4 nyuma kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa joto.

Njia salama ni kufanya hesabu yote kwa saa ya unakotoka, kisha kubadilisha mara moja tu mwishoni. Tuseme ndege inaondoka 23:00 Nairobi mwezi wa Januari. Ongeza saa 15: ni 14:00 ya kesho yake, bado kwa saa ya Nairobi. Toa 8: ni 06:00 New York. Mwezi wa Julai unatoa 7, inakuwa 07:00. Kurudi, ondoka 12:00 New York, ongeza 14, ni 02:00 ya usiku. Ongeza 8, ni 10:00 asubuhi Nairobi siku inayofuata. Julai ni 09:00.

Sasa lipo kosa ambalo huwapata hasa watu wanaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi hutumia saa 24. 23:00 ni saa tano usiku, na hilo ni rahisi. Hatari ni ndege ya baada ya 00:00. Tiketi ikisema Jumanne 00:40, hiyo ni saa sita na dakika arobaini ya usiku ambao wengi wetu bado tunauita wa Jumatatu. Unatakiwa uwe uwanjani Jumatatu saa tatu usiku. Anayekuja Jumanne jioni amechelewa kwa karibu siku nzima. Mwandikie dereva wako kwa mtindo huu: “Jumatatu tarehe 5, saa moja usiku unanichukua nyumbani.” Usimtumie picha ya tiketi peke yake.

Ukipitia Ulaya, angalia Machi na mwishoni mwa Oktoba. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Marekani hubadilisha kwa tarehe zake. Kwa wiki mbili au tatu za Machi na wiki moja ya vuli, tofauti kati ya London na New York huwa saa 4 badala ya 5. Ratiba ulizozizoea zinasogea.

Wanaotumia dawa zenye saa maalumu, kama insulini, wapange dozi kwa saa zilizopita tangu dozi iliyotangulia, si kwa saa ya ukutani, na wazungumze na daktari kabla ya safari. Acha saa moja ya mkononi ikisoma saa ya Nairobi hadi utakapofika.

Moja kwa moja au kwa kuunganisha

Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, baada ya Kenya kupata daraja la kwanza la usalama wa anga la mamlaka ya Marekani, FAA, Februari 2017. Haipatikani kila siku ya mwaka kwa kiwango kilekile, kwa hiyo angalia ratiba ya msimu wako. Kama haikufai, linganisha njia nyingine kwa umbali kwanza, kisha kwa muda wa kusubiri.

London: 6,840 + 5,550 ≈ kilomita 12,390
Amsterdam: 6,680 + 5,850 ≈ kilomita 12,530
Doha: 3,350 + 10,780 ≈ kilomita 14,130
Dubai: 3,560 + 11,020 ≈ kilomita 14,580

Ulaya iko karibu na njia yenyewe. Unaongeza kilomita 550 hadi 700 tu. Ghuba inakurudisha mashariki kwanza, na Dubai inaongeza kilomita 2,700 hivi, sawa na saa tatu za kuruka. Kupitia Amsterdam au London, tarajia saa 8 hadi 9 za kwanza, saa 8 hivi za pili, na kusubiri. Jumla saa 19 hadi 21 ukipata muunganiko mzuri. Kupitia Ghuba ni saa 5 na kidogo, kisha karibu 14, na kusubiri. Jumla saa 21 hadi 23. Ghuba huweza kuwa na bei nzuri zaidi au kufaa kwa anayetaka kumwona ndugu Muscat au Dubai njiani. Kwa muda pekee, Ulaya inashinda.

Kabla ya kulipa, angalia viza ya kupita. Raia wa Kongo (DRC) wamo kwenye orodha ya wanaohitaji viza ya kupita uwanjani katika nchi za Ulaya za Schengen, zenye viza ya pamoja, na Uingereza ina orodha yake yenye nchi nyingi za Afrika Mashariki. Mwenye viza halali ya Marekani mara nyingi husamehewa, lakini masharti hubadilika; thibitisha kwenye tovuti ya ubalozi.

Anayetoka Dar es Salaam hapotezi karibu chochote kwa kupitia Nairobi: Dar hadi JFK kwa duara kuu ni kilomita 12,440 hivi, na kupitia Nairobi ni 12,500. Entebbe ni habari nyingine. Kutoka pale hadi JFK ni kilomita 11,370, na kurudi mashariki hadi Nairobi kwanza kunafikisha karibu 12,360. Msafiri wa Kampala alinganishe kwa makini na ndege za Ulaya zinazoondoka Entebbe zenyewe.

Ukiunganisha, nunua tiketi moja yenye vipande vyote vya safari. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kukupatia nyingine. Ukinunua mbili tofauti ili kuokoa fedha, ucheleweshaji wa Nairobi unakuwa mzigo wako mwenyewe.

Kutoka mlangoni hadi mlangoni

Fika JKIA saa tatu hadi nne kabla ya kuondoka. Magari husimamishwa kwenye kizuizi cha usalama kabla ya majengo, abiria hushuka na kukaguliwa, na jioni foleni huwa ndefu. Safari za Marekani zina ukaguzi wa ziada karibu na mlango wa kupandia ndege. Unga, viungo au poda yoyote ya ujazo wa mililita 350 au zaidi iweke kwenye begi la chini. Ukiibeba mkononi inaweza kukuchelewesha au kuachwa. Nyama na matunda mabichi usibebe kabisa, na chakula kingine chochote kitaje kwa forodha.

Ukitua JFK, tenga saa moja hadi mbili za uhamiaji na mizigo, zaidi kidogo kama ndege kadhaa kubwa zimetua pamoja asubuhi. Anayeendelea kwenda Minneapolis, Dallas au mji mwingine lazima achukue mizigo yake hapohapo, apite nayo forodha, kisha aikabidhi tena na kupita ukaguzi upya. Muunganiko wa chini ya saa tatu pale haufai, hata kama mfumo wa tiketi unauruhusu. Anayebaki mjini anaweza kupanda AirTrain hadi Jamaica na kuunga treni.

Kwa mfano wa Januari: kutoka nyumbani Nairobi saa moja usiku, kuruka saa tano usiku, kutua saa kumi na mbili asubuhi ya New York, kutoka nje saa moja na nusu, kufika Brooklyn au Bronx kati ya saa mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Kwa saa ya Nairobi hapo ni kama saa kumi na moja jioni. Jumla ni takriban saa 22, ingawa tiketi inasema 15. Mwenyeji wako mpe saa ya kutoka nje, si ya kutua.